Nukta Nyeupe Machoni

Mtu asinionyeshe picha ya mtoto wa shamba mwenye mashavu mekundu. Nimeshasema, na hapa mtaani wanajua. Mwaka juzi jirani yangu aliniita kwake nikaone picha aliyoinunua mnadani, ya zamani, imeliwa na ukungu pembeni: kibinti kimekaa juu ya ua wa mbao, kina kipande cha mkate, na kuku wanakilalamikia chini. "Tazama, Bi Dinah, kanavyopendeza!" Mimi nikainama moja kwa moja kwenye jicho. Pale palipokuwa na nukta nyeupe palikuwa na nukta nyeusi. Nikarudi kwangu bila kuaga.

Nukta ile aliiweka Hester Pardoe, au aliiweka mwanawe. Sikuweza kujua ni yupi, na hilo ndilo lililonitoa mbio.

Tulikuwa wanawake watano, meza moja, ghorofa ya juu kwa Bwana Ludlam, nyuma ya Holborn hapa London. Picha zilitufikia zimeshapigwa chapa kutoka kwenye bamba la shaba, nukta tupu, maelfu kwa maelfu, ndogo kama ugoro. Ukizisogelea huoni kitu, ukirudi nyuma unaona mtoto anarusha kishada, au anaokota masuke, au kamkumbatia mwanakondoo. Watu wa mjini walizipenda vibaya sana. Wengine hata kuku mzima hawajawahi kumkimbiza, lakini ukutani lazima wawe na shamba.

Sisi kazi yetu ilikuwa rangi. Karatasi ilianzia kwa Prudence Cobb, yeye ni mbingu tu, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko mawingu. Ikaja kwangu, miti na nyasi. Wawili waliofuata walipaka nguo, kofia na mifugo. Mwisho ikafika kwa Hester. Hester ndiye nyuso. Mashavu, midomo, na mwisho kabisa nukta moja nyeupe katika kila jicho. Kabla ya nukta ile mtoto alikuwa karatasi. Akishaiweka, mtoto anakutazama.

Bwana Ludlam alikuwa na amri moja aliyoipiga kelele kila asubuhi. Rangi iwe nyepesi kama chai ya maskini, nukta za bamba zionekane chini yake. "Mnapaka picha, hampaki ukuta!" Nyeupe ya risasi, ile itengenezwayo kwa madini ya risasi, ndiyo hakutaka kuiona kabisa, isipokuwa chembe kidogo ndani ya kombe kwa ajili ya macho. Nyeupe hiyo ikikaa na moshi wa makaa ya mawe inageuka nyeusi, na nyumba gani ya London haina moshi? Siku moja nilimwuliza Hester, "Na ya machoni je, haigeuki?"

Akacheka. "Igeuke tu, shoga. Nani ataiona? Jicho lenyewe jeusi."

Nukta ya jicho inataka brashi yenye ncha kama sindano, na ncha sote tuliichongoa kwa midomo. Unachovya, unaipitisha kati ya midomo, unaizungusha kidogo, inatoka imekuwa unywele mmoja. Ndivyo tulivyowakuta waliotutangulia. Ladha ya kila rangi tuliijua: buluu kama ufunguo wa chuma, kijani chungu, nyeupe tamutamu. Hester alikuwa akitutania kwamba yeye ndiye mwenye bahati, sisi tunalamba dawa na yeye amepewa peremende. Miaka kumi na moja alilamba peremende hiyo.

Mume wake alichukuliwa kwenda kupigana baharini, hakurudi. Alibaki na mtoto mmoja, Kezia, miaka tisa, mwembamba, macho makubwa, hapitwi na neno. Sote tulimwita Hester Mama Kezia, na alipenda kuitwa hivyo kuliko jina lake mwenyewe.

Sasa niseme tulichokuwa tunakiogopa, maana bila hicho hamtanielewa. Mama akishindwa kazi, parokia inamwingiza nyumba ya maskini. Akishaingia, mtoto si wake tena. Msimamizi wa parokia anamwandikisha kwenye viwanda vya pamba huko kaskazini, kazi mpaka afike miaka ishirini na mmoja. Masika ya mwaka ule tuliliona gari lenyewe kwa macho yetu. Farasi wawili, watoto kumi na saba wamepewa mkate wa tangawizi ili wasilie. Mama mmoja alikuwa akikimbia nyuma yake, kashika kiatu kimoja cha mwanawe mkononi, anapiga kelele, "Kiatu chake! Jamani, kiatu chake!" Gari halikusimama.

Hester alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. "Dinah, hawa wanarudishwa?"

"Wakifikisha ishirini na mmoja," nikasema.

"Wakifikisha," akasema Hester. Jioni ile Kezia hakuruhusiwa kwenda hata kisimani peke yake.

Mwezi wa saba kikombe kilimponyoka Hester mkononi. Prudence akadakia, "Mama Kezia, umeanza kulewa asubuhi na hutuiti?" Tukacheka sote, na Hester naye akacheka. Wiki iliyofuata kikaanguka kingine. Halafu nikaona anaikalia meza upande, mkono wa kulia kauegemeza kwenye kitabu, na brashi kaifunga kwa uzi kwenye vidole. Nilimfuata kwenye ngazi.

"Nyosha mkono."

"Niache, Dinah."

"Nyosha, mwanamke we!"

Akaunyosha. Mkono ulifika mbele vizuri mpaka kwenye kifundo, kiganja kikaanguka, kikaning'inia. Akajaribu kukiinua. Uso ulimkunjamana kwa nguvu alizotia na kiganja hakikutikisika.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Afadhali kingeuma." Akanishika kwa mkono wa kushoto. "Ukisema kwa Ludlam, umempandisha mwanangu kwenye gari. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Umesikia?"

Nilisikia. Na hapo mimi, mtu wa nyasi, nikajifanya mwerevu. Mashavu aliyokuwa akipaka yalikuwa yameanza kuvuka mpaka, wekundu unaingia kwenye pua, unashuka shingoni. Nikamwambia akikosea aguse na nyeupe, afunike, aanze upya juu yake. Nani atakagua shavu moja moja? Nyeupe nikaenda kuinunua mwenyewe kwa Purkiss, muuza rangi wa mtaa wa pili, mzee mwenye kikohozi na utani.

"Dinah," akaniambia mara ya tatu, "siku hizi nyasi zako zinaangukiwa na theluji?"

"Wewe uza, usipeleleze."

Na ikafaa. Wiki zikapita, picha zikatoka, Ludlam hakuona kitu. Hester akawa anachukua karatasi anakwenda nazo nyumbani, anasema mwanga wa dirisha lake ni mzuri zaidi, na asubuhi anazirudisha zimekwisha, macho yote yanang'aa. Nilishangaa mkono ule unawezaje, lakini sikuuliza. Nilikuwa naogopa jibu. Kila hatua nzito kwenye ngazi ilinifanya nifikiri ni msimamizi wa parokia.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya ukungu, alipanda mtumishi wa kike wa bibi mmoja tajiri, kabeba kitu kimefungwa kwenye shuka. Hakukiweka mezani, alikitupa.

"Bibi anasema chukueni uchawi wenu," akasema. "Mtoto wa nyumba ametoka juzi kuugua ndui, tukamtundikia picha hizi juu ya moto wa makaa, afurahi. Tazameni wenyewe!"

Ludlam akafungua shuka. Picha nne, watoto wa mavuno. Mbingu ya Prudence ilikuwa safi, nyasi zangu mbichi kabisa. Lakini nyuso! Mashavu yote yalikuwa na madoa meusi, mapana, mengine puani, mengine yameshuka shingoni, na katikati yake macho, nukta zake nazo nyeusi, yanatutazama na midomo inacheka. Prudence Cobb, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alijifunika mdomo. Mimi nilijua ni kitu gani na bado nywele zilinisimama.

"Nyeupe," akasema Ludlam polepole. "Kuna mtu kapaka nyeupe kwenye mashavu." Hakupiga kelele. Tulimzoea akipiga kelele, kwa hiyo tuliogopa zaidi. "Ziko picha mia mbili mjini zimetoka kwenye meza hii. Zote zinaoza ukutani kwa watu. Mtu asitoke."

Akatuma aitwe Purkiss.

Tulikaa tukimngoja. Hester alikuwa kauficha mkono chini ya aproni. Kezia alikuwa pale vilevile, maana siku hizo Hester alikuwa hamwachi nyumbani, kakaa kwenye kigoda nyuma ya mama yake. Nilikuwa namwona mtoto yule na naliona gari. Nasema kweli, niliyasikia magurudumu.

Purkiss akaingia akikohoa. Ludlam akamwuliza kwa ufupi ni nani mezani pale anayenunua nyeupe kwake.

Mzee akatuzungushia macho, akafika kwangu. "Huyu. Tangu kiangazi."

Na nilifanya nini? Nilikana! "Mimi? Mimi nanunua ya kupakia viatu vya kanisani!" Prudence akanitazama miguuni. Viatu vyangu vilikuwa vyeusi tangu vilipotengenezwa.

"Chukua shali yako, Dinah," akasema Ludlam. "Na kila mwenye duka la picha London nitamtajia jina lako."

Nilishasimama. Ningeweza kumtaja Hester pale pale, na naapa ulimi ulikuwa unanicheza mdomoni. Sijui ningesema au nisingesema. Kila mwaka najiuliza. Sikuwahi kujua, kwa sababu Hester alisimama kabla yangu.

"Si yeye, Bwana. Alininunulia mimi." Akautoa mkono chini ya aproni, akaunyosha mbele ya watu wote, kiganja kikaanguka. "Umekufa huu. Nilikuwa nafunika makosa."

Nilitegemea Ludlam ndiye atakayesema, lakini Purkiss alimsogelea, akakiinua kile kiganja kwa vidole viwili, akakiachia. Kikaanguka tena. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mkono huu nimeuona," akasema. "Kule ng'ambo ya mto wanakotengeneza nyeupe ya risasi, wanawake wanaobeba vyungu wanakuwa hivi hivi. Kwanza tumbo, halafu mikono. Wengine wanapofuka, wengine wanaingiwa na kifafa. Lakini wao wanavuta vumbi lake mchana kutwa. Wewe, mama, umeilaje?"

Prudence alikuwa na brashi mdomoni wakati ule ule. Aliitoa taratibu, akaiweka mezani mbali naye.

"Basi," akasema Ludlam. "Mama Kezia, pole. Ila siwezi kukaa na mtu wa nyuso asiye na mkono. Leo ndiyo mwisho."

"Nina mtoto, Bwana."

"Parokia itawaangalia."

Neno hilo lilipotoka, Hester aliyumba. Kisha akajikaza, akaichukua karatasi ya juu kwenye rundo la juzi, akamwekea Ludlam mbele kwa mkono wa kushoto. "Tazama macho haya, Bwana. Yana kasoro?"

Ludlam akavaa miwani. Hakupenda kusema, lakini picha alizijua. "Hayana. Ni mazuri kuliko ya zamani."

"Ni ya Kezia. Tangu mwezi wa nane macho yote ni ya Kezia. Nilikuwa nampa nyumbani. Mpe kiti changu, nusu ya ujira wangu, yeyote atakayeuliza parokiani mwambie mtoto ana kazi na mama anakaa naye. Usinipe mimi kitu. Nakuomba, Bwana Ludlam. Nakupigia magoti." Akapiga kweli.

Ludlam alikuwa bahili, na ubahili wake siku ile ndio uliokuwa upande wetu. Nusu ya ujira aliisikia vizuri. "Nione," akasema. "Jicho moja, mbele yangu. Akikosea mnatoka wote wawili."

Kezia akapanda kwenye kiti cha mama yake. Miguu haikugusa sakafu. Mbele yake wakamwekea kibinti cha kuku, kile kile cha ua wa mbao, hakijapewa macho. Sote tukamzunguka. Nilikuwa namwomba Mungu asitetemeke, na hakutetemeka hata kidogo. Alichukua brashi ndogo kuliko zote, akaichovya kwenye kombe, nyeupe ikajaa nchani. Akaiinua, akafungua midomo.

Hester alipiga yowe ambalo sijalisikia hata kwa mwanamke anayezaa. Aliutupa ule mkono mfu, ukampiga mtoto usoni, brashi ikaruka, kombe likapinduka, nyeupe ikamwagika juu ya kibinti na kuku wake wote.

"Mama!" Kezia alikuwa analia, kashika mdomo. "Si wewe uliyenifundisha?"

Nimewahi kuona watu wakiogopa. Sijawahi kuona uso kama ule wa Hester wakati ule. Mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, mpaka wa kumi na moja. Alikuwa anahesabu kila usiku aliomkalisha mwanawe dirishani na kombe la peremende. Akamshika Kezia mikono yote miwili kwa mkono wake mmoja, akaigeuza, akaitazama juu na chini. "Nyosha," akasema. "Nyosha, mwanangu. Viganja juu."

Kezia akanyosha. Viganja vikasimama.

"Karatasi imeharibika," akasema Ludlam. "Nimesema akikosea mnatoka."

Hapo ndipo Prudence Cobb, yule yule wa maneno, akavuta karatasi nyingine kutoka kwenye rundo lake, akaipiga mezani. "Mbingu hii hapa! Mtoto hajakosea, kakosewa. Na wewe, Bwana Ludlam, kama una haraka, shika brashi ulambe mwenyewe!" Purkiss akaangua kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Ludlam akawa mwekundu, akavua miwani, akangoja.

Kezia akaokota brashi, akaichovya tena katika kile kidogo kilichobaki. Ilitoka imevimba, nywele zimetawanyika. Akaitazama, akamtazama mama yake. "Sasa ncha nitaichongoaje?" Aliuliza kwa sauti ndogo sana. Wanawake watano, miaka mingi ya kazi, na hatukujua njia nyingine.

Hester akavuta kiti akakaa kando yake. Akauinua mkono wake mfu kwa ule mzima, akaulaza mezani mbele ya mtoto, mgongo wa kiganja juu. Akaulowesha kwa tone la maji.

"Zungusha hapa," akasema.

Kezia akaizungusha brashi juu ya ngozi ya mama yake, polepole, mara mbili, mara tatu. Ikatoka unywele mmoja. Akainama, akagusa. Jicho likafunguka.

Kiti kile kilibaki chao. Hester alikaa kando ya mwanawe miaka miwili na mwezi mmoja, mkono umelala mezani kama chombo cha kazi, na macho yake hayakuwa kwenye picha, yalikuwa kwenye mdomo wa Kezia. Mtoto akijisahau, akiinua brashi tu, anagongwa kwa goti chini ya meza. Sisi wengine tulihamia kwenye vitambaa vilivyoloweshwa. Ilikuwa polepole, Ludlam alinung'unika, tukamwacha anung'unike. Msimamizi wa parokia alipanda mara moja, akamwona mtoto kazini, akashuka.

Mwishoni Hester alikuwa haoni vizuri, na tumbo lilimkamata usiku na mchana. Alikufa wakati wa Krismasi. Mimi na Prudence ndio tuliomwosha. Mgongo wa ule mkono ulikuwa mweupe, rangi imeingia kwenye mikunjo ya ngozi, tukasugua kwa sabuni na haikutoka. Tukamzika nayo.

Kezia sasa ana mume na watoto wawili, na meza ya Ludlam aliiacha zamani. Huja kunitembelea Jumapili, huniletea mkate na jibini. Kabla hajakaa, kabla hajavua kofia, namwambia, "Nyosha mikono."

"Bi Dinah, miaka yote hii?"

"Nyosha, nimesema."

Hucheka, lakini hunyosha. Nami sivuti pumzi mpaka nione viganja vyote viwili vimesimama.